Bila P.

Keith Sugden hakuwa bahili, na hilo lieleweke mapema kabla watu hawajaanza kumsengenya. Baa alinunua raundi yake bila kukumbushwa, na kanisani sahani ya sadaka ikipita hakujifanya anafunga kamba ya kiatu. Petroli hakuihesabu kwa sababu ya bei. Alikuwa radhi kuendesha maili kumi na mbili zaidi, kwenda kwenye kituo kimoja chenye sakafu iliyonyooka sawasawa, ili tangi lijae pale pale lilipojaa mara iliyopita. Mwenye kutaka kuokoa pesa hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mwenye kutaka ukweli, au mwenye ugonjwa wake mwenyewe.

Watu wa kwao wana desturi ambayo mgeni akiiulizia hupewa chai badala ya jibu: petroli huuziwa kwa lita, safari huzihesabu kwa maili, na sifa hujipa kwa galoni. Basi kila alipojaza, Keith alikaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi, daftari gotini, akageuza lita kuwa galoni kwa kalamu ya risasi, kisha akagawa maili kwa galoni hizo mpaka sehemu ya mia. Wenye magari nyuma yake walipiga honi. Kikokotoo hakukitaka. Alisema kinamlegeza mtu akili.

Gari lenyewe lilikuwa Mini ya kijani ya mwaka sitini na saba, dogo kiasi kwamba jirani yake mmoja pale Otley aliwahi kumuuliza, "Keith, hilo unaliendesha au unalivaa?" Alilinunua mwaka wa sabini, akamuoa Pauline mwaka wa sabini na moja, na kama ungemuuliza ghafla tarehe za mambo hayo mawili, ya kwanza angekujibu haraka zaidi.

Daftari lilianza siku ya pili ya ndoa. Walikwenda fungate Whitby, mji wa pwani wenye samaki wazuri na upepo usio na adabu, na kwa kuwa Keith alikuwa kwenye usukani, Pauline ndiye aliyeandika. Ukurasa wa kwanza bado ulikuwapo: mwandiko wa msichana wa miaka ishirini na mbili, herufi za duara, "Tumeenda maili 75. Mvua. Keith anaimba vibaya." Kwa karibu miaka kumi na minne alikaa kiti cha kushoto akaandika. Keith alitaja namba, yeye akaziandika, na kwenye safu ya maelezo aliongeza ya kwake: tumeona kondoo barabarani, tumegombana, tumepatana.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na tano. Wastani wa gari, ambao tangu mwanzo ulikuwa maili hamsini na moja kwa galoni, ulianguka mpaka arobaini na nane na kitu, ghafla tu. Keith hakulala. Alibadilisha plagi. Aliifungua kabureta mara nne, akaisafisha kwa mswaki (wa Pauline, kama ilivyokuja kujulikana). Alipima upepo wa tairi asubuhi na jioni. Alitoa tairi la akiba, akatoa jeki, akatoa zulia. Wastani ukabaki vile vile. Ndipo akakumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akageuza shingo polepole, akatazama kiti cha kushoto.

Pauline wakati ule alikuwa na ratili mia moja arobaini na moja. Keith alijua kwa sababu alimwomba apande mizani.

"Si kwamba nakulaumu," alimwambia. "Ni fizikia tu."

"Fizikia imenioa mimi au wewe?" Pauline aliuliza.

Akaanza kwenda peke yake, kwa majaribio. Wastani ukapanda kidogo, kama ambavyo ungepanda kwa kushusha gunia lolote, na Keith akaona ushahidi umetimia. Kwenye safu ya maelezo, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima, aliandika kwa mara ya kwanza: "Bila P." Majaribio hayakuisha. Pauline akawa mtu wa basi. Mama yake alipougua kule Skipton alikwenda kumwona kila Jumapili kwa mabasi mawili, akishuka moja na kungoja jingine kwenye baridi, miaka miwili mizima. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alinunua buti nzuri za kungojea basi, na alipofikisha umri wake akapewa kadi ya wazee ya kusafiri bure, nayo akaiweka kwenye pochi mahali ambapo wanawake wengine huweka picha.

Kilichomtesa Keith miaka yote hiyo kilikuwa sahani moja ya shaba, si kubwa kuliko kiganja. Chama chao cha magari madogo kiliitoa kwa gari lililokwenda maili laki moja, zote zimeandikwa, kwa wastani wa hamsini kamili tangu siku ya kwanza ya daftari. Walioipata walikuwa watano. Na sasa, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, chama kilitangaza kwamba rejesta ya sahani itafungwa tarehe thelathini Septemba, kwa kuwa mafuta ya siku hizi yanachanganywa na pombe na hesabu haziaminiki tena. Maili laki moja Keith alikuwa nazo. Wastani wake ulikuwa arobaini na tisa nukta tisa tisa na nywele.

Mwezi wa Agosti, asubuhi moja, Pauline aliweka chai mezani akakaa mbele yake.

"Tarehe kumi na nane mwezi ujao tunatimiza miaka arobaini."

"Najua."

"Unajua kwa sababu nimekwambia sasa hivi. Sikiliza. Sitaki pete, sitaki maua. Nataka twende Whitby kwa Mini. Mimi na wewe, kama siku ile."

Keith aliweka kijiko chini. Aliiona barabara yote kichwani: tambarare hadi York, kisha nyika, na ile milima ya baada ya Pickering inayopanda kama ukuta.

"Mama," alisema kwa upole wa daktari, "nadaiwa maili kumi."

"Unadaiwa na nani?"

"Na daftari. Nikipata safari moja ndefu, upepo mzuri, gari jepesi, nimefika hamsini. Na upepo wa Septemba unatoka magharibi, unasukuma moja kwa moja kwenda Whitby. Nimeuangalia."

"Na mimi je?"

"Wewe una kadi ya basi!" alisema Keith, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kwa manufaa ya wote. "Basi la ghorofa, Pauline. Unakaa juu, mbele kabisa, unaona nyika yote. Mimi nitaona migongo ya malori tu. Tunakutana bandarini, tunakula samaki."

"Kwenye sherehe ya ndoa yangu niende kwa basi, na mume wangu aende kwa gari."

"Siku ile ile. Mji ule ule."

Pauline alimtazama. Alikuwa na macho ya kijivu yasiyo na haraka.

"Haya," alisema. "Nitapanda basi. Ila nikwambie, Keith: kile kiti nimekiomba leo kwa mara ya mwisho. Sitakiomba tena, leo wala kesho wala siku ya kuzikwa."

Keith alisikia "haya." Hayo mengine yalimpita, kwa sababu tayari alikuwa anawaza upepo wa tairi.

"Na vile viti vya kukunja," aliongeza Pauline akiwa anaondoa vikombe. "Navyo nivipakie kwenye basi?"

"Vinakunjika," alisema Keith.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Pauline alitoka saa moja asubuhi na viti viwili, kikapu, chupa ya chai, mwavuli, na koti la Keith, kwa kuwa koti hilo lilikuwa la sufu na sufu ni nzito. Keith alitoka karibu saa tatu, tumbo tupu, mifukoni hana hata sarafu, ila kadi ya benki na simu. Upepo ulikuwa kama alivyoutabiri. Aliendesha maili arobaini kwa saa, haikupungua, haikuzidi. Nyuma yake ulijipanga msafara wa magari kama wa maziko ya mtu mashuhuri. Kwenye miteremko alizima injini, akaachia gari lijiendee lenyewe kwa kimya, na hakugusa breki, kwa sababu breki kwake ilikuwa dhambi: ni kuchukua petroli uliyokwisha kuichoma na kuitupa.

Tabia hiyo ilikuwa imemponza mara moja. Alinaswa na kamera mwisho wa mteremko fulani, kijijini, penye kikomo cha thelathini. Kamera ilisema thelathini na sita. Keith, mtu anayepitwa na matrekta, aliwaandikia polisi barua ya kurasa nne: spidomita yake ilisoma thelathini na nne, alikuwa anaitazama kwa macho yake mawili, na kama kamera inasema sita basi kamera ikapimwe. Alilipa faini huku akiapa. Tangu hapo kila akipita kijiji kile aliitazama kamera ile kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mlevi.

Juu ya Pickering, mlima ulipoanza, basi la ghorofa, lililokuwa limesimama kila kituo tangu Leeds, lilimkuta. Liliunguruma nyuma yake kwa dakika nzima, kisha likapata nafasi likampita. Ghorofa ya juu, dirisha la mbele, alimwona Pauline. Alikuwa amekaa na bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau, wanacheka, na mkononi ana skonzi. Alimpungia kwa ile skonzi. Keith alitaka kumpungia pia, lakini kutoa mkono dirishani kungevunja upepo, kwa hiyo alitikisa kichwa tu.

Whitby alijaza tangi kwenye kituo alichokwenda kukikagua mwezi uliotangulia kwa pimamaji. Alikaa mlango wazi. Akagawa. Akarudia kugawa. Akafuta, akaanza upya kutoka ukurasa mwingine, na jibu likawa lile lile: hamsini nukta sifuri sifuri, na chembe mbele yake. Keith Sugden, mwenye miaka sitini na sita, aliweka paji la uso juu ya usukani akalia kidogo. Nyuma yake mtu alipiga honi.

Kisha akampigia simu Glenys Outhwaite.

Glenys ndiye aliyekuwa mkaguzi wa rejesta, mpima ardhi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nyumba yake ilikuwa Sleights, kijiji cha pili tu kutoka hapo.

"Keith, leo Jumapili. Nina nyama kwenye oveni."

"Nimefika hamsini."

"Izime tu, Arthur!" aliita kwa mtu wa nyumbani, na kwa Keith akasema, "Upo wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Pauline, akiwa amekaa bandarini kwenye kiti cha kukunja, kiti cha pili mbele yake kitupu, samaki na chipsi za watu wawili zikipoa kwenye karatasi zake, alimwona mumewe akija mbio kutoka kwenye maegesho, na nyuma yake mwanamke mwenye viatu vya kupandia milima.

"Pauline! Tumefika! Hamsini!"

"Hongera," alisema Pauline. "Miaka arobaini. Kaa ule."

"Saa moja tu. Glenys lazima aipime spidomita kwanza. Sheria."

"Ni kweli, dada," alisema Glenys, akiona haya kidogo kwa ajili ya viti vile. "Nina maili kumi nilizozipima mwenyewe kwa mnyororo, huko nyikani. Tunaenda na kurudi. Gari hili nitakaa wapi, kwenye buti?"

Pauline alichukua chipsi moja akaichovya kwenye njegere za kupondwa.

"Kaa kiti cha kushoto tu," alisema. "Bado kipya. Hakijakaliwa sana."

Keith alifungua mlango, Glenys akaingia kwa kujikunja mara tatu. Lilikuwa pande la mwanamke, tena na viatu vile. Pauline alisikiliza. Keith hakumuuliza uzito.

Njiani Keith alizungumza mfululizo, kuhusu kabureta, kuhusu miteremko, kuhusu kamera ya wehu. Glenys alikuwa anatazama namba ndogo zinazozunguka ndani ya spidomita na kuitikia "ehe." Walianzia kwenye daraja la mawe. Walipofika kwenye nguzo nyeupe, maili kumi kamili, alisema, "Simama."

Akasimama.

"Inasoma nini?"

Keith alisoma. Akapangusa kioo kwa kidole, akasoma tena. "Tisa na nusu."

Glenys aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia dashibodi. Chini kabisa ya uso wa spidomita, chini ya sindano, palikuwa na namba ndogo kama yai la chawa. Ilikuwapo hapo sentimita arobaini mbele ya macho ya Keith kila siku aliyoendesha.

"Elfu moja mia tatu arobaini na nne," alisoma. "Ya gari lako inatakiwa elfu moja mia mbili themanini. Keith, hii spidomita ni ya gari gani?"

"Ya hili hili! Yaani... ile ya kwanza ilikufa. Hii niliitoa kwenye yadi ya magari mabovu, Bradford. Ilikuwa ya kigari cha mizigo, lakini inaingia vizuri. Skrubu mbili tu."

"Inaingia, ndiyo. Ila inangoja waya unaotoka kwenye gia uzunguke mara elfu moja mia tatu arobaini na nne ndipo ihesabu maili moja, na gari lako linatimiza maili mapema kuliko hapo. Ukienda maili ishirini na moja, yenyewe inaandika ishirini. Uliifunga lini?"

"Themanini na tano," alisema Keith. Alikuwa anaiona sahani ikimtoka mikononi, ikizama. "Basi nimekosa. Daftari zima ni uongo."

Glenys alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kilichojaza kile kigari chote. "Umekosa nini, wewe mzee? Umekwenda maili nyingi kuliko ulizoandika! Lete hilo daftari." Akapiga hesabu yake kwenye nyuma ya bahasha. "Hamsini na moja na nusu. Sahani yako ungeichukua mwaka jana. Hamsini hujawahi kushuka chini yake tangu uoe."

Furaha ni kitu kinachomfanya mtu kiziwi. Keith alirudi Whitby kwa maili hamsini kwa saa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu miaka ya sabini, akaruka kutoka garini kabla halijatulia.

"Pauline! Hamsini na moja na nusu! Ni spidomita! Spidomita ndiyo ilikuwa inaniibia! Tangu themanini na tano!"

Pauline alikuwa amemaliza samaki wake. Wa Keith alikuwa amemfunika kwa sahani ya karatasi na kuweka jiwe juu ili upepo usimchukue.

"Tangu themanini na tano," alirudia. Akamgeukia Glenys. "Dada, nieleze mimi nisiyejua fizikia. Ule wastani ulioanguka mwaka ule. Haukuanguka?"

"Haukuanguka hata kidogo. Ilikuwa hiyo saa ya spidi tu."

"Na kama mtu angekuwa amekaa pale kushoto, miaka yote?"

Glenys alikuwa mtu wa vipimo, hakuona shimo lililo mbele yake. "Ungepungua nusu maili, labda kidogo zaidi. Bado mngekuwa juu ya hamsini. Keith angeweza kukupakia wewe, na mama yako, na viti hivi juu ya paa."

Aliposema "mama yako" aliona kitu usoni pa Pauline. Akasema nyama yake imeshaungua, akaaga.

"Nipe daftari," alisema Pauline.

Keith alimpa. Furaha ilikuwa bado usoni lakini imeanza kutojua ikae wapi. Pauline alifungua kwa kidole kilichojua njia. Aprili, mwaka wa themanini na tano. Ulikuwa bado mwandiko wake, zile herufi za duara: "Keith kafunga spidomita nyingine. Kafurahi kama mtoto." Mistari miwili chini yake, arobaini na nane nukta sita. Wote wawili waliutazama ule mstari. Ulikuwa umekaa hapo miaka ishirini na sita, wala haukujificha.

"Ulifungua kabureta mara nne," alisema Pauline.

"Ndiyo."

"Ulinipandisha mimi kwenye mizani."

Keith alitazama jiwe lililokuwa juu ya samaki wake.

"Saa hukuipima."

"Saa... saa ndiyo niliyokuwa napimia, Pauline."

Alifungua mbele zaidi, akapita kurasa nyingi za mwandiko ule uliosimama wima, akasimama kwenye Februari ya themanini na nane. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Tarehe saba, Jumapili. Bila P. Upepo nyuma. Siku njema sana." Akafunga daftari juu ya kidole. "Siku hiyo basi la pili liliniacha. Nilifika Skipton wamekwisha kumfunika mama uso. Muuguzi akaniambia alikuwa ananiulizia mpaka nusu saa iliyopita."

Shakwe walikuwa wanapiga kelele juu ya samaki wa Keith. Keith alilijua jambo hilo. Alikuwa amesimama makaburini na kofia mkononi. Lakini hakuwa amewahi kuziweka zile habari mbili kwenye ukurasa mmoja, na sasa zilipokaa pamoja aliona aibu.

"Ni ngapi?" aliuliza Pauline.

"Nini?"

"Hizo 'bila P.' zako. Ni ngapi?"

"Mia mbili hamsini na tatu," alisema Keith papo hapo, maana alikuwa mtu wa kuhesabu na jibu lilikuwapo tayari. Angetoa mkono wake wa kulia ili alirudishe mdomoni.

Saa kumi na nusu basi la kurudi lilikuwa limesimama kituoni, taa zinawaka, yule bibi wa kofia ya zambarau ameshapanda juu na kuweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani kumshikia mtu. Mini ilikuwa imeegeshwa nyuma ya basi. Keith alikuwa ameufungua mlango wa kushoto mpaka mwisho. Alikuwa amekipangusa kiti kwa mkono wa koti lake la sufu.

"Ingia, mama. Viti nitavifunga juu ya paa. Na kikapu. Na chochote. Tupite barabara ya juu, ile ya milima, tusimame popote utakapo."

"Nilikwambia sitakiomba tena kile kiti."

"Sasa si mimi ninayekuomba? Nakuomba mimi. Nakusihi, Pauline."

"Nimesikia, mpenzi," alisema Pauline, na hakukuwa na hasira katika sauti yake, jambo ambalo lilimtisha Keith kuliko yote. "Nipe kalamu."

Aliandika akiwa amesimama, daftari limelala juu ya paa la Mini, kwa kuwa paa lile lilimfika kifuani. Hakuandika marefu. Akalifunga, akaliweka juu ya kiti cha kushoto, akaufunga mlango taratibu. Kisha akachukua viti vyake viwili na kikapu, akamwonyesha dereva kadi, akapanda juu.

Keith alilifungua. Herufi zilikuwa bado za duara, ila zimetetemeka kidogo kwa umri.

"18 Septemba 2011. Whitby hadi Otley. Bila P. Safari hii aliombwa."

Basi liliondoka, naye akaondoka nyuma yake. Mlima wa kwanza aliupanda kwa gia ya pili, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, injini inalia kama kitu kinachochinjwa, ili tu asiachwe. Kipo kituo cha basi karibu kila kijiji kutoka pale hadi Leeds. Kila basi liliposimama, Keith alisimama nyuma yake, akanyoosha mkono juu ya daftari, akaufungua mlango wa kushoto, akangoja. Na basi lilipoondoka, akaufunga.